Fumua, Anza Tena: Darasa la Mikono Kati ya Rwenzori na Ziwa George

Na Mwandishi Wetu, Kasese

“Fumua.”

Mama aliyesema hivyo hakuinua hata macho. Kikapu chake kilikuwa mapajani, changu kilikuwa mkononi, ingawa kukiita kikapu ni kukivika joho lisilokitosha. Kilikuwa kisahani cha ukubwa wa mdomo wa kikombe, kimepinda upande mmoja kama sikio la mbwa. Mizunguko mitatu, kazi ya saa nzima. Nikafumua. Rafia ilitoka imejikunjakunja, mabua ya ulezi yakatawanyika juu ya mkeka, na wanawake waliokuwa wameketi kivulini wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kumkaribisha mtu jamvini.

Hapo ni Kikorongo, njia panda iliyo jirani na mstari wa ikweta, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Ukitoka Kasese mjini unashuka kusini kupitia Muhokya. Ukifika Kikorongo unachagua: kulia kuna Bwera na mpaka wa Kongo pale Mpondwe, mbele kuna Katunguru na daraja la mfereji wa Kazinga. Na upande wa kushoto wa barabara hiyohiyo, ng'ambo ya mbuga, liko Ziwa George, na ufukweni mwake kijiji cha Hamukungu.

Kikorongo watalii hulipa ili wafundishwe kusuka. Wanatoka kuangalia simba asubuhi, wanaketi mkekani mchana, wanachomwa na sindano, wanaondoka na kisahani chao kilichopinda na picha kumi za simu. Kwao hiyo ni burudani, na hawamwombi mtu radhi kwa kuiita hivyo. Lakini mama anayewafundisha, alipojifunza yeye, alikuwa kwenye mradi. Kikundi kiliandikishwa, kikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kikafungua akaunti. Sindano ni ileile na mabua ni yaleyale; mmoja ameruhusiwa kufurahi, mwingine ametakiwa kutoa ripoti.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nigeuze shingo kuelekea Hamukungu. Nilitaka kufikiria swali ambalo ofisi za maendeleo haziliulizi sana: mtu mzima wa kijiji cha wavuvi, mwenye watoto, madeni na magoti yanayouma, ana haki ya kujifunza kazi ya mikono kwa sababu tu inampendeza?

Kijiji ndani ya hifadhi

Hamukungu si mahali pa kawaida pa kutafutia darasa la starehe. Hifadhi iliyokizunguka ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alipozuru, ikapewa jina lake. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,978. Vijiji vya wavuvi vilivyokuwapo, Hamukungu, Kasenyi, Kahendero, Katunguru, Katwe na vinginevyo, vilibaki ndani kama visiwa vya watu katikati ya wanyama. Uvuvi ukawa wa leseni, mitumbwi ikahesabiwa, na nafasi ya kulima ikawa finyu. Anayeishi humo huishi kwa samaki au kwa ng'ombe, na anaponunua ndizi au muhogo, umetoka kwa watu wa mlimani.

Ziwa lenyewe ni kubwa kwa macho na dogo kwa kina: kilomita za mraba zipatazo 250, lakini wastani wa kina chake ni mita mbili na nusu tu, hazifiki. Kaskazini yake kumejaa mafunjo, kinamasi kinachochuja maji yanayoshuka kutoka milima ya Rwenzori. Kwa ajili ya kinamasi hicho na ndege wake, Uganda iliandikisha Ziwa George mwaka 1988 kuwa eneo lake la kwanza chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu duniani.

Wavuvi wa Hamukungu wana majirani ndani ya kijiji chao: Wasongora, wafugaji ambao ng'ombe wao wenye pembe ndefu walikuwa wakilisha katika nyika hii kabla haijaitwa hifadhi. Ujirani wa ng'ombe na simba una gharama. Aprili 2018, simba 11, majike watatu na watoto wanane, walikutwa wamekufa karibu na Hamukungu, ikishukiwa kuwa wamelishwa sumu. Habari ile ilizunguka dunia, na kwa watu wengi wa mbali Hamukungu ikawa jina la mauaji hayo tu.

Nyakati za darasa pia haziamuliwi na watu peke yao. Mjini London au Nairobi, mtu mzima anayetaka kujifunza ufinyanzi au uchoraji huenda darasa la jioni, baada ya kazi. Hamukungu, jioni ina wenyewe. Jua likizama viboko hutoka ziwani kuja kula majani, wakipita kati ya nyumba kama wageni waliozoea, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini hana mzaha. Tembo nao hupita. Mama mwenye akili hatembei na kikapu saa mbili usiku. Kwa hiyo, kama kuna saa ya kujifunza, ni ile ya mchana mkali, mitumbwi ikiwa imekwisha kurudi, samaki wamekwisha kuuzwa au kutundikwa juu ya moshi, na joto la bonde limewasukuma watu wote kwenye kivuli.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko wataalamu wa ustawi wa jamii. Neno burudani limetoka kwenye shina moja na baridi. Kuburudika ni kupozwa. Katika bonde hili la ufa, ambako saa nane mchana mabati hulia kwa joto, mtu anayeketi chini ya mti na kushika mabua ameburudika kwa maana ya kwanza kabisa ya neno.

Kitovu, mzunguko, mkazo

Nieleze nilichofumua, maana ndicho chenye somo.

Vikapu vya upande huu wa Rwenzori havisukwi kwa kupishanisha chane kama mikeka ya pwani, ambako ukili husukwa kwanza, mrefu kama mkanda, kisha ukashonwa ukili kwa ukili. Hapa kikapu huzungushwa. Unachukua kifungu cha mabua ya ulezi, unene wa kalamu ya risasi, unakivika uzi wa rafia uliotungwa kwenye sindano nene, shazia. Unakunja ncha ya kifungu mpaka ijifunge yenyewe, duara dogo kama kitovu cha mtoto. Kisha unaanza kuzunguka. Kila mshono unapita juu ya kifungu kipya na kutoboa mzunguko uliotangulia, ukiubana mpya kwa wa zamani. Mabua yakipungua unaongeza mengine katikati, moja moja, ili unene usibadilike. Ukitaka rangi nyingine huikati ile ya kwanza: unailaza ndani ya kifungu itembee gizani mpaka zamu yake irudi.

Inaonekana rahisi mpaka uishike. Ukivuta sana, duara linainuka na kuwa kofia kabla hujaamua. Ukilegeza, linacheza mawimbi, na ndivyo langu lilivyofanya. Hakuna kipimo cha mkazo ambacho mwalimu anaweza kukutajia. Anachoweza ni kukushika mkono, avute mara moja akiwa ameshika vidole vyako, useme “aa”, kisha ajitoe. Mafunzo ya namna hii hayaandikiki ubaoni. Yanahitaji mtu mzima akubali kushikwa mkono kama mtoto, mbele ya watu, na aambiwe afumue.

Rangi nazo zina darasa lake. Rafia huchemshwa pamoja na mizizi, magome, majani au maua, na kila mmea una tabia yake: mwingine hutoa rangi mara moja, mwingine hudai usiku mzima. Mapambo yanataka hesabu. Anayetaka nyota yenye ncha nane lazima agawanye mzunguko sawasawa, na kila mzunguko unapopanuka agawanye upya. Nilimtazama mwanamke mmoja akihesabu mishono kwa kucha ya kidole gumba, midomo ikicheza bila sauti, na nikajua ninaangalia hisabati ambayo ningeifeli.

Malighafi pia inasimulia ramani ya wilaya. Mabua ya ulezi hutoka kwa walima vilima. Mafunjo na ukindu ni vya majini na mabondeni, na anayeishi ndani ya hifadhi havuni tu atakavyo, panahitajika ruhusa. Rafia hununuliwa. Kikapu kimoja kwa hiyo kimeshikana na mlima, kinamasi na soko, kama wilaya yenyewe.

Wanaume wamekuwa darasani siku zote

Ukisema “darasa la kazi za mikono” watu huwaona wanawake. Nenda kwenye ufuko wowote wa Ziwa George saa ile ya kivuli. Wanaume wameketi miguu wameinyoosha, wavu umefungwa kwenye kidole gumba cha mguu, sindano ya kushonea nyavu inaingia na kutoka. Kijana ameketi pembeni, macho yakifuata fundo. Hakuna aliyemwita mwanafunzi. Baada ya muda anapewa pembe ya wavu iliyochanika, anaifunga vibaya, anacheka mwenyewe kabla ya kuchekwa. Wanaongea habari za mpira, bei, injini na mazishi. Wavu ukiisha wanaendelea kukaa.

Tangu mwaka 2017, jeshi la Uganda lilipopewa kazi ya kulinda maziwa dhidi ya uvuvi haramu, ukubwa wa tundu la wavu umekuwa jambo zito kwenye fuko hizi. Mkono unaojua kusoma tundu kwa vidole una thamani zaidi sasa. Lakini mtu akimuuliza mvuvi kama kushona nyavu ni kazi au starehe, nadhani swali lenyewe litamshangaza. Ni vyote, na hakuwahi kutakiwa kuchagua.

Kwa Wasongora hali ni hiyohiyo. Ekyanzi, chombo cha maziwa kinachochongwa kwa mti, huwekwa kifuniko cha kusukwa chenye ncha, kazi nyembamba ya wanawake wa wafugaji. Kifuniko rahisi kingezuia nzi vilevile. Wakaweka mistari, wakapishanisha nyeusi na rangi ya majani makavu, wakatumia siku nyingi kwa kitu cha kufunikia maziwa ya siku moja. Aliyefanya hivyo wa kwanza hakuwa na mtalii wa kumuuzia.

Na anayetaka kuona mbali zaidi apande kuelekea milimani, kaskazini ya Kasese mjini, ambako karakana ya Rwenzori Founders hutengeneza sanamu za shaba nyeusi kwa njia ya kale ya nta: unafinyanga umbo kwa nta, unalifunika, unaichoma nta itoke, kisha unamimina shaba iliyoyeyuka mahali nta ilipokuwa. Msukumo ulitoka kwa Rungwe Kingdon, mchongaji wa Uingereza aliyepitisha sehemu ya utoto wake Uganda, na mafundi ni watu wa hapa. Ni jambo la kutafakari katika wilaya hii, ambako mgodi wa shaba wa Kilembe na reli iliyofika Kasese mwaka 1956 vilileta mishahara na watu wa kila kabila, kisha mgodi ukanyamaza. Shaba iliyochimbwa ilipanda treni ikaondoka. Ya karakana inapita mikononi mwa watu kwanza.

Barazani kwa mwalimu

Wazo la kwamba watu wazima wakutane kujifunza sanaa kwa hiari si geni Afrika Mashariki, wala halikuanza na wafadhili. Shule ya sanaa maarufu kuliko zote katika kanda hii, ile ya Makerere, ilianza kama darasa la barazani. Katika miaka ya 1930 Margaret Trowell, Mwingereza, aliwakusanya wanafunzi nyumbani kwake Mulago, Kampala, wakachora barazani. Kutoka mbegu ile walikuja watu kama Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyekuja kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, na Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Trowell alikuwa na jicho pia kwa vitu vya nyumbani. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, vikapu, vyungu, ngoma na vyombo vya maziwa vikichorwa mshono kwa mshono.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Tanzania ilikwenda njia ya taifa zima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mfano wa vyuo hivyo ulitoka Sweden, na Sweden ilikuwa imejifunza kwa Denmark, ambako chuo cha kwanza cha wananchi kilifunguliwa mji wa Rødding mwaka 1844. Kanuni ya Wadenmark ilikuwa ya ajabu kidogo: mkulima mzima aje akae, aimbe, asome, ajadiliane, arudi shambani, bila mtihani na bila cheti. Ilipofika kwetu, nchi zikiwa na haraka ya kujenga, ile sehemu ya kuimba ilipungua na ile ya useremala ikaongezeka. Siwalaumu. Nchi ilihitaji madirisha.

Uganda nayo ilianza mwaka 1992 mpango wake wa kisomo chenye manufaa katika wilaya nane za majaribio, kisha ukaenea. Jina lenyewe linajieleza: kisomo lazima kiwe na manufaa. Mtu mzima anasoma ili afuge kuku vizuri, achemshe maji, aweke akiba. Ni mambo ya heri. Lakini tangu hapo, ndoo ya elimu ya watu wazima imekuwa na mpini mmoja tu, nao ni manufaa. Darasa lisiloweza kujibu “litaingiza nini?” halipati hata chaki.

Mradi una macho ya mteja

Nisieleweke vibaya. Fedha ya vikapu ni fedha ya kweli. Wilayani humu, kijiji cha maonyesho cha Leopard Village kilianzishwa kwa msaada wa Uganda Carnivore Program, watafiti wa wanyama wala nyama, ili jamii zinazoishi na chui na simba, Hamukungu ikiwemo, zipate kitu kutokana na wageni: nyumba za kiasili, ngoma, duka la kazi za mikono. Hoja ni wazi. Mtu aliyepoteza ndama anamtazama simba tofauti ikiwa mgeni aliyekuja kumwona simba huyo amenunua kikapu cha mkewe. Sheria ya wanyamapori ya Uganda inatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii jirani, lakini fedha ile hupita ofisi nyingi kabla ya kufika kijijini. Ya kikapu hupokewa mkononi.

Mifano mingine imefika mbali. Mjini Kampala, BeadforLife ilianza mwaka 2004 kununua shanga za karatasi: karatasi ya rangi inakatwa pembetatu nyembamba, inaviringishwa, inagundishwa, inapakwa vanishi. Kule Pakwach, jirani na hifadhi ya Murchison Falls, mradi wa Snares to Wares huwafundisha watu kutengeneza sanamu za wanyama kwa waya za mitego, waya zilezile zilizokuwa zikiwanyonga wanyama hao.

Ila mradi una macho ya mteja, na mteja hapendi mshangao. Akiagiza vikapu 40 anataka 40 vilivyo sawa, vya rangi inayofaa sebule yake. Mwanamke aliyejua mapambo sita anasuka moja mwaka mzima. Kidole kinaendelea kufanya kazi, jicho limelala. Hapo ndipo ususi unapogeuka kuwa kibarua kama kubeba samaki, tena kibarua cha kuketi, kinachoumiza mgongo.

Kisha ukaja mwaka 2020. Machi, kwa sababu ya korona, uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa kwa abiria, na haukufunguliwa tena mpaka Oktoba mosi. Magari ya watalii yakatoweka barabara ya Kikorongo. Kwa darasa lililojengwa juu ya mteja peke yake, mteja akiondoka darasa limekwisha. Nilipowauliza wasusi niliokutana nao walifanya nini miezi ile, nilitarajia hadithi ya njaa, nayo ilikuwapo. Lakini walisema pia kwamba waliendelea kuketi. Walisuka ungo wa nyumbani, kikapu cha binti anayeolewa, kitu cha kujaribu tu. Mmoja alinionyesha kikapu cha kipindi kile. Kilikuwa na rangi ambazo hakuna mgeni angeziagiza, zambarau kando ya manjano, na mapambo yaliyoanza kama nyota yakabadili nia njiani. Nilimwomba aniuzie. Alikirudisha ukutani.

Bwera, upande wa pili wa meza

Kutoka Kikorongo gari linakwenda magharibi hadi Bwera, na mbele kidogo ni Mpondwe, mji wa mpaka. Hapa kazi ya mikono ni cherehani. Vitenge vinavyovuka kutoka Kongo hushuka barazani kwa mafundi, na baraza la fundi ni darasa lililo wazi kwa barabara nzima. Msichana anaanza kwa kupiga pasi, anahamia kwenye vifungo, anapewa pindo la gauni, siku moja anakata kitambaa cha mtu mkasi ukimtetemeka. Wanawake wa pande zote mbili za mto Lhubiriha wanaelewana: Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa huku, na Kinande cha kule ni ndugu, na palipo na mtu wa tatu, Kiswahili cha mpakani kinaingia kati.

Mji huu umeona mengi: Ebola iliyovuka mpaka Juni 2019, na usiku wa Juni 2023 waasi walipovamia shule ya sekondari Mpondwe na kuua wanafunzi. Sitasema kwamba sindano na uzi huponya mambo kama hayo. Nitasema nilichokiona: pale barazani mtu anaweza kuketi muda mrefu bila kuulizwa kwa nini ameketi, kwa sababu mikono yake ina kazi. Mwenye msiba anahitaji mahali pa kuwa na watu bila kulazimika kuongea. Pwani wanaijua siri hiyo. Mzee wa Lamu au Unguja anayeshona kofia barazani, tundu kwa tundu, anaweza kusikiliza gumzo la saa tatu na kuchangia neno moja, na hakuna atakayesema amenuna.

Miwani kwanza

Basi darasa kama hilo, la saa moja isiyouzwa, lingehitaji nini Hamukungu?

Mti upo. Walimu wapo, na hawahitaji kuletwa kwa gari kutoka Kampala: msusi wa Kikonzo, mama wa Kisongora anayejua kifuniko cha ekyanzi, mvuvi mwenye fundo lake. Sindano na rafia ni gharama ndogo. Saa inajulikana, kati ya samaki na viboko.

Kinachokosekana ni kidogo na hakimo katika fomu za miradi. Kwanza miwani. Mtu akivuka miaka 40 macho yake huanza kukataa vitu vya karibu, na tundu la sindano ndilo la kwanza kupotea. Nilimwona mama akimpa mjukuu wake sindano amtungie uzi, kila baada ya dakika chache, mpaka mtoto akachoka akakimbia kucheza. Mama akaweka kikapu chini. Watu wangesema amezeeka. Alikuwa amekosa miwani ya kusomea tu.

Pili ni ruhusa, na sisemi ruhusa ya serikali. Mwanamke anayeketi mchana bila mradi huitwa mvivu, na mwanaume anayesuka kikapu badala ya wavu huulizwa maswali. Neno “mradi” limekuwa kinga: ukilitaja, mume na mama mkwe wananyamaza. Ndiyo maana vikundi vinajiandikisha hata pale ambapo hakuna cha kuandikisha. Watu wanataka saa yao, na mradi ndio mlango pekee ulioachwa wazi. Ofisa wa maendeleo ya jamii akilifahamu hilo anaweza kufanya jambo rahisi: asianze kwa kuuliza wameuza vingapi. Aulize wiki hii nani amejifunza nini, na kutoka kwa nani.

Tatu ni mchanganyiko. Kijiji ambacho wafugaji na wavuvi wanagombania maji, nyasi na njia kina nafasi chache za watu wake kushindana kwa kitu kisichomnyang'anya mwenzake. Anayejua fundo la wavu akimfundisha anayejua ususi wa kifuniko cha maziwa, hakuna aliyepungukiwa.

Kule Kikorongo, saa kumi na moja kivuli kilikuwa kimehama hadi kwenye ukuta wa duka. Kisahani changu cha pili kilikuwa na mizunguko mitano. Mama alikichukua, akakigeuza kifudifudi, akapitisha kidole chini yake, maana kikapu hukaguliwa upande usioonekana. Akapata mahali niliporuka mshono. Nilitegemea lile neno lake. Badala yake alikikunja ndani ya kitambaa pamoja na sindano na kifungu cha mabua, akakitia chini ya kiti chake, kama mtu anayeweka akiba ya mwanafunzi wake.

Nikamwambia, “Wasingya, mama,” ndiyo asante ya Lhukonzo niliyokuwa nimejifunza asubuhi ile.

Akaitika, akajitwika mkeka, ndipo akageuka kunitazama usoni kwa mara ya kwanza siku nzima.

“Kesho saa ngapi?”

Mtalii hulipia somo moja, nami nilikuwa na basi la alfajiri la kwenda Mbarara. Nikasema saa nane.